Gita la Tanga na Vijisanduku vya Miguuni

Historia ya gita la umeme mjini Tanga inaanzia shambani, kwenye mkonge. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche mingi ilikufa njiani, ikabaki 62, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yaliyotanda kutoka Pangani na Muheza hadi Korogwe. Kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo si kazi iliyowavutia watu wa pwani, wenye minazi yao na mashua zao, kwa hiyo vibarua waliletwa kutoka bara: Wanyamwezi, Wasukuma, Waha na wengine wengi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya pamoja ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, na vijana wa mkataba wakazidi kumiminika.

Kibarua alilipwa fedha taslimu, na fedha taslimu ikifika Jumamosi jioni hutafuta pa kwenda. Mjini palikuwa na pa kwenda. Kabla ya dansi kulikuwa na beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, na ushindani wa makundi yake ya Marini na Arinoti ulikwisha kuwazoesha watu wa mwambao kwamba kundi lisilo na mpinzani halina utamu. Dansi ikarithi ushindani huo. Bendi iliyokuja kujulikana nchi nzima kama Jamhuri Jazz ilianza miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo peke yake linaonyesha mkonge ulivyoujaza mji. Mpinzani wake alikuwa Atomic Jazz, bendi ya John Kijiko, na mtindo wake wa Kiweke. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikiuza nje zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na mji uliobeba sehemu kubwa ya biashara hiyo ungeweza kulisha bendi mbili kubwa bila kutoka jasho.

Umeme nao ulikuwa wa jirani. Kampuni ya TANESCO iliundwa mwaka 1931 kwa ajili ya maporomoko ya mto Pangani, na kituo cha Hale kikafunguliwa mwaka 1964 juu ya mto huohuo. Kwa hiyo gita la umeme lilipoingia Tanga lilikuta waya ukutani. Lilichokosa ni kitu kingine, na hicho ndicho kilichoamua sauti yake kwa miaka ishirini iliyofuata.

Kitu hicho ni umiliki. Mwanamuziki wa dansi wa Tanzania, isipokuwa wachache, hakuwa na gita lake. Vyombo vilikuwa mali ya klabu, au ya tajiri mwenye bendi, au, kadiri miaka ya 1960 ilivyosonga, mali ya chama cha wafanyakazi, jeshi au shirika la umma. Mpiga solo alifika ukumbini mikono mitupu, akapewa gita, akachomeka waya kwenye amplifaya ambayo pengine ilikuwa inatumiwa pia na mwenzake, akapiga hadi usiku wa manane, kisha vyombo vikafungiwa. Akihama bendi, alihama na vidole vyake tu. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kufikiria kununua kijisanduku cha kubadilishia sauti, hata kama angekipata dukani. Atakiweka wapi, na atakichomeka kwenye amplifaya ya nani?

Hata hivyo sauti ya gita la umeme haijawahi kuwa ya waya na nyuzi tu. Amplifaya zenyewe zilikuja na mambo mawili ndani yake. La kwanza ni tremolo: sakiti ndogo inayopandisha na kushusha ukubwa wa sauti mara kadhaa kwa sekunde, ili noti moja iliyoshikiliwa isikike kama inatetemeka. Kifaa cha kutetemesha sauti kilichokuwa nje ya amplifaya kiliuzwa Marekani tangu miaka ya 1940, kazi ya kampuni ya DeArmond, na wengi hukihesabu kuwa ndicho baba wa vijisanduku vyote. Jambo la pili ni rivabu, sauti ya chumba kikubwa inayotengenezwa kwa springi. Ishara ya gita hupitishwa kwenye springi ndefu zilizofungwa ndani ya bati, springi hutikisika, na kule mwisho wa pili mtikisiko hugeuzwa tena kuwa umeme. Ukigonga amplifaya ya aina hiyo kwa ngumi utasikia ngurumo. Wapigaji wa bendi za baa walijua hilo vizuri, kwa sababu mlevi akijikwaa kwenye jukwaa ukumbi mzima ulisikia.

Kwingineko duniani miaka hiyohiyo watu walikuwa wakigundua kwamba makosa ya mitambo yanaweza kuuzwa. Kisa cha Nashville kinastahili kusimuliwa polepole. Walipokuwa wakirekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao “Don't Worry”, uliotoka mwaka 1961, chaneli moja ya meza ya kurekodia iliharibika, na gita la Grady Martin likatoka likikoroma. Badala ya kuitupa sehemu hiyo, waliiacha. Wimbo ukapendwa. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, akakaa chini kuchunguza uharibifu ulivyotokea, akautengeneza upya kwa makusudi kwa kutumia transista, na mwaka 1962 ukaanza kuuzwa kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mauzo yalikuwa hafifu hadi mwaka 1965, Rolling Stones walipoutumia kwenye “Satisfaction”.

Fazi, kama tunavyoweza kuiita, ni jambo rahisi kueleza. Wimbi la sauti ya gita hupanda na kushuka kwa mviringo. Ukiliongeza nguvu kupita uwezo wa transista, vilele vyake hukatwa, na wimbi la mviringo hubaki na kichwa bapa. Sikio huisikia bapa hiyo kama mkoromo, kwa sababu kukata vilele huzalisha sauti nyingi ndogondogo ambazo hazikuwamo kwenye uzi. Piga noti moja, utapata sauti nene inayodumu. Piga noti tatu kwa pamoja, zile sauti ndogondogo zitagombana zenyewe kwa zenyewe na utapata vurugu.

Mtu aliyewahi kusikiliza dansi la Tanga anaona tatizo mara moja. Gita la rizimu halipigi noti moja. Linapiga vipande vya kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa zamu, bila kupumzika, na uzuri wake wote uko kwenye usafi: kila uzi usikike, na kila kimya kati ya pigo na pigo kisikike pia. Fazi hula kimya. Nadhani hata kama vijisanduku vya Nashville na London vingemwagwa bure kwenye bandari ya Tanga mwaka 1966, Jamhuri na Atomic wangevitumia kwa wiki mbili, kwa ajili ya mbwembwe, kisha wangeviweka kabatini.

Na pengine visingefika hata wiki mbili. Fazi za mwanzo zilitumia transista za jermaniamu, na jermaniamu haipendi joto. Umeme unaovuja ndani ya transista hizo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi kumi za sentigredi. Kijisanduku kilichorekebishwa kwenye karakana ya London kwa nyuzi 18 kingeletwa kwenye ukumbi wa Tanga usiku wa Februari, watu mia mbili wakicheza na madirisha yakihema hewa ya bahari, kingekuwa kinafanya kazi kwa nyuzi 30 na zaidi. Sauti ingekatikakatika, au ingezimika. Transista za silikoni, zilizotawala vijisanduku hivyo kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, zilipunguza tabu hiyo sana. Chumvi ya bahari haikupata dawa. Inaingia kwenye tundu la waya na kwenye vitufe vya kuzungushia, na kitufe kilicholiwa na chumvi hukwaruza kila kikiguswa. Fundi redio wa pwani hukifungua, hupitisha spiriti kwa pamba, hukizungusha mara nyingi kwenda na kurudi, na hukurudishia. Baada ya masika huwa unarudi kwake.

Hawa wa Tanga, basi, walifanya nini walipotaka sauti ipanuke? Waliongeza mtu. Dansi la miaka ya 1960 na 1970 lilipangwa kwa magita: besi, rizimu, solo, na mara nyingi solo la pili lililokaa katikati ya rizimu na solo. Solo linaimba sentensi, solo la pili linajibu, au linaipiga sentensi ileile juu zaidi kidogo, au linachelewa robo ya pigo. Watu wawili hawawezi kupiga noti moja kwa wakati mmoja kabisa wala kwa sauti moja kabisa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoifanya sauti ionekane pana. Wahandisi wa Japani walikuja kutumia akili nyingi kuitengeneza tofauti hiyohiyo kwa sakiti. Tanga ilikuwa inailipa mshahara.

Upande wa taarab mambo yalikwenda kwa njia ya ajabu zaidi. Zanzibar ilikuwa na udi, kanuni na fidla, na vyama vikubwa kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905. Tanga haikuwa na okestra ya namna hiyo. Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star iliyotokana nayo, walikusanya kundi dogo: gita la umeme, besi, kodiani au kinanda, bongo na tari. Mapigo yalichukuliwa kwenye dansi na kwenye ngoma za pwani. Kazi ambayo Unguja ilifanywa na watu kumi ikaangukia vidole vya mpiga gita mmoja. Yeye ndiye aliyefungua wimbo, yeye aliyeujibu ushairi kati ya mshororo na mshororo, yeye aliyejaza pale mwimbaji anapovuta pumzi. Sauti ya Shakila Saidi, mwanamke wa Pangani aliyeimba na makundi yote mawili kabla ya kuhamia Dar es Salaam, ilipata umaarufu ikiwa imezungukwa na gita hilo.

Mpiga udi hawezi kuishikilia noti, kwa hiyo huipigapiga haraka. Mpiga gita wa taarab ya Tanga alifanya vivyo hivyo kwa kipande cha plastiki, akiitetemesha noti kwa mkono wake wa kulia. Hiyo ni tremolo isiyohitaji betri, na ina faida moja ambayo sakiti haina: inaweza kuongeza kasi kadiri ushairi unavyopanda na kutulia mwimbaji akitulia. Tremolo ya amplifaya hutetemeka kwa mwendo uleule hata kama bibi harusi analia.

Nyimbo za makundi hayo zilivuka mpaka. Mombasa palikuwa na duka la Assanand, wenye lebo ya Mzuri, na sehemu kubwa ya taarab ya Tanga ilitoka kwenye santuri za huko. Ndiyo maana vijana wa Mombasa walioanzisha vikundi vyao miaka ya 1970 walikuwa wakiisikiliza Tanga kwa makini. Mombasa nayo ilikuwa na umeme wake wa kipekee: taishokoto, kinanda kidogo cha nyuzi cha Kijapani kilichobuniwa mwaka 1912, chenye vitufe kama vya taipureta, ambacho wapigaji wa pwani ya Kenya walikifunga kinasa sauti na kukipitisha kwenye amplifaya. Zuhura Swaleh alikitumia kundini mwake. Ukitaka mfano wa watu wa mwambao kuchukua kifaa cha mtu mwingine na kukipa kazi asiyoifikiria mwenyewe, ni hicho, kuliko kijisanduku chochote.

Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na baadaye mwaka huohuo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikataifishwa. Azimio halikuwa chanzo cha matatizo yote ya zao hilo. Kamba za plastiki zilikuwa zimeanza kulikaba soko la dunia kabla yake. Lakini kwa bendi za Tanga matokeo yalikuwa yaleyale: mshahara wa Jumamosi ulipungua. Vijana watatu wa mji huo, ndugu Wilson, George na William Kinyonga, waliliona hilo mapema. Wilson na George waliingia Jamhuri Jazz mwaka 1966. Mwaka 1970 ndugu hao walikuwa Arusha, wakiunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 walivuka kwenda Kenya, na huko wakaja kuwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao kadhaa walijitenga wakaunda Les Wanyika, akiwemo Omar Shabani, mtu aliyelifanya gita la rizimu kuwa nyota wa bendi, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 “Sina Makosa” ikasikika kote Afrika Mashariki.

Nairobi ilikuwa na kitu ambacho Tanzania haikuwa nacho: studio zilizoweza kurekodi kila chombo kwa njia yake, na kampuni za santuri. Huku nyumbani, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nzima kwa pamoja, kwa mono, kila mtu akipiga kwa wakati mmoja. Nazipenda rekodi hizo za redio, lakini hazimpi fundi nafasi ya kuchezea gita peke yake. Anayetaka kuongeza mwangwi kwenye solo ataongeza pia kwenye ngoma na kwenye kikohozi cha mpiga besi. Nairobi gita liliweza kushughulikiwa kivyake. Kisha Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Njia ya mpakani ya Horohoro iliyokuwa ikileta santuri, nyuzi na vipuri ikawa njia ya magendo. Tanga, iliyo karibu na Mombasa kuliko Dar es Salaam, iliumia sana.

Hapo ndipo vijisanduku vya kisasa vinapoingia katika masimulizi, na vinaingia kutoka Japani. Kabla ya hapo mwangwi ulitengenezwa kwa mkanda wa sumaku. Copicat ya Charlie Watkins, iliyotoka London mwaka 1958, ilikuwa na kipande cha mkanda kilichofungwa duara, kichwa cha kurekodi, na vichwa vitatu vya kusomea vilivyopangwa kwa umbali tofauti. Ulichopiga sasa kinasomwa mara ya kwanza baada ya sehemu ndogo ya sekunde, mara ya pili baadaye kidogo, na mara ya tatu baadaye tena. Ni kifaa kizuri, lakini mkanda huchakaa, huchafuka, hunyauka kwa joto, na mota huhitaji umeme usiopandapanda. Kwa bendi inayosafiri kwa lori kutoka Tanga kwenda Lushoto usingeshauri.

Mwaka 1969 wahandisi wa Philips walibuni njia ya kuchelewesha sauti bila mkanda. Ndani ya kipande kidogo cha silikoni kuna mamia ya vishikizi vya umeme vilivyopangwa mstari, na kila kimoja hukipasia cha mbele yake kiasi kilichopewa, kama watu waliojipanga kisimani wakipasiana ndoo za maji hadi kwenye nyumba inayoungua. Ukipunguza kasi ya kupasiana, sauti inachelewa zaidi kutoka. Kampuni ya Matsushita ya Japani ndiyo iliyovitengeneza vipande hivyo kwa wingi na kwa bei ya kuuzika. Matsushita hiyo Mtanzania aliijua kwa jina jingine. Ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, na ndiyo iliyouza redio na betri za National zilizokuwa kila duka la kijijini.

Mwaka 1976 kampuni ya Boss, tawi la Roland, ilikitumia kipande cha Matsushita kutengeneza CE-1, kijisanduku cha kwanza cha korasi. Kinavyofanya kazi ni hivi: sauti ya gita hugawanywa mara mbili, nakala moja huenda moja kwa moja, nyingine hucheleweshwa kwa muda mfupi mno, sehemu moja ya hamsini ya sekunde au chini yake, na muda huo huyumbishwa polepole. Nakala mbili zikikutana, sikio linadanganyika kuwa kuna wapigaji wawili. Roland yenyewe ilianzishwa Osaka mwaka 1972. Miaka miwili kabla, Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe walikuwa wamekwenda mji huohuo kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70. Hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Hata hivyo napenda kufikiri kwamba gita la dansi lilipigwa Osaka kabla Osaka haijatuuzia sauti ya magita mawili ndani ya boksi moja.

Korasi, na binamu yake feiza, ambaye hutoboa matundu yanayotembea ndani ya sauti badala ya kuichelewesha, vilifaa muziki wa kwetu kwa namna ambayo fazi haikufaa. Haviharibu kodi. Unaweza kupiga vipande vitatu vya rizimu kwa kasi na kila uzi ukabaki wazi, ila sasa unang'aa. Si ajabu kwamba kufikia miaka ya 1980 mng'ao huo ulisikika kwenye magita ya Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam. Vijana waliotaka mkoromo walikuwepo pia: kundi la Sunburst la Dar es Salaam lilitoa albamu yake “Ave Africa” mwaka 1976 likiwa na roki nzito ndani yake. Lakini walibaki kisiwa.

Wawa ilikuwa katikati ya fazi na korasi. Ilibuniwa California mwaka 1966 na Brad Plunkett, aliyekuwa akitafuta njia ya bei nafuu ya kubadilisha sauti za amplifaya ya Vox, kisha akakiweka kitufe chake kwenye kanyagio la kinanda. Ukikanyaga mbele sauti inakuwa kali, ukirudisha kisigino inafumba, na gita linaongea kama mtu anayefungua na kufunga mdomo. Inafaa kwa vichekesho na kwa vilio. Ukiitumia wimbo mzima inachosha kuliko mzee anayerudia hadithi.

Kilichowatatiza wengi, hata baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984 na bidhaa za Dubai kuanza kujaa, kilikuwa mwangwi. Kijisanduku cha kwanza cha mwangwi wa kidijitali, Boss DD-2, kilitoka mwaka 1983, na tangu hapo kikarudiwa kwa nakala za bei nafuu hadi leo. Kila kijana akikipata anakifungulia mwisho. Chukua rumba inayokwenda mapigo 120 kwa dakika. Kila pigo lina nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Weka mwangwi wa milisekunde 300 na urudie mara nne, kisha piga solo. Kila noti yako sasa inadondoka mahali ambapo solo la pili linataka kujibu, na nyingine inadondoka juu ya rizimu. Ukumbi utasikia uji. Mwangwi huo ni mzuri kwa mtu anayepiga peke yake chumbani, na ndiyo sababu unamdanganya: nyumbani ulikuwa mtamu, jukwaani umekuwa mgomvi. Wapigaji wazoefu huutega kwa milisekunde 250 kamili, nusu ya pigo, ili kurudia kukae juu ya mapigo, au wanaufupisha chini ya 100 hadi usikike kama ukuta ulio karibu.

Mpangilio wa vijisanduku nao ukiukosea utakutoza. Wawa na mkoromo hukaa mwanzo, karibu na gita. Korasi hufuata. Mwangwi na rivabu huwa mwisho, karibu na amplifaya. Ukigeuza, ukaweka mwangwi mbele ya mkoromo, kila marudio yatakatwa vilele upya, na noti inayopaswa kufifia itabaki na ukubwa uleule hadi ikatike ghafla. Wapo wanaofanya hivyo kwa kupenda. Kwenye harusi ya mtaa wa Makorora sishauri.

Tanga yenyewe ilipofika miaka ya 1990 gita lilikuwa limeshuka cheo. Msomi wa Kimarekani Kelly Askew, aliyezifuatilia bendi za mji huo kwa utafiti uliozaa kitabu chake cha mwaka 2002, “Performing the Nation”, alizikuta taarab za kisasa zikiegemea kinanda cha umeme, ambacho kilikuwa na ngoma, fidla na besi vyote tumboni. Lebo ya GlobeStyle ya London ilikuwa imekusanya nyimbo za zamani za Black Star na Lucky Star mwaka 1989 na kuzitoa kwa jina la “Nyota”, hivyo wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kulisikia gita la Tanga wakati Tanga yenyewe inaliweka pembeni. Simba Wanyika nao walirekodi “Pepea” kwa ajili ya soko la Ulaya. Ilitoka mwaka 1992, mwaka aliofariki George Kinyonga. Wilson alimfuata mwaka 1995.

Bendi za hotelini na za kumbi leo, pale zilipobaki, mara nyingi zina gita moja. Mshahara wa solo la pili umekatwa, rizimu imehamia kwenye kinanda. Na hapo kijisanduku cha mwangwi kimepata kazi ambayo zamani hakikuwa nayo. Mpiga gita anapoombwa wimbo wa Jamhuri Jazz anautega nusu ya pigo, anauruhusu urudie mara moja tu, anaushusha sauti hadi uwe chini kidogo ya gita lenyewe, kisha anapiga sentensi fupi na kuacha nafasi. Marudio yanaingia mahali pa mtu wa pili. Tatizo ni kwamba mtu wa pili huyo hawezi kubadili jibu, kwa hiyo kila baada ya mistari michache mpigaji anakikanyaga kijisanduku kuzima, anajibu mwenyewe kwa vidole, na kukiwasha tena.